Safari ya Wawili Kando ya Bahari ya Ufaransa

Mwezi wa Juni 1936, serikali ya Ufaransa iliyoongozwa na Léon Blum iliweka sheria ya kuwapa wafanyakazi likizo ya majuma mawili kila mwaka pasipo kukatwa mshahara. Kabla ya hapo, kwenda kupumzika pwani ilikuwa starehe ya matajiri. Kiangazi cha mwaka ule ule, familia nyingi za wafanyakazi ziliiona bahari kwa mara ya kwanza. Wengine walikwenda kwa garimoshi lenye nauli nafuu, wengine kwa baiskeli, mume mbele na mke nyuma. Juma la tatu liliongezwa mwaka 1956, la nne mwaka 1969, na la tano mwaka 1982.

Hata hivyo, kupewa likizo si kujua kuitumia. Watu walipopata magari, waliyageuza mapumziko kuwa mashindano ya mbio. Tarehe 2 Agosti 1975, misururu ya magari iliyokwama katika barabara za Ufaransa ilijumlishwa ikapatikana kuwa kilomita 600. Mwaka uliofuata ilianzishwa huduma iitwayo Bison Futé, ambayo hadi leo huwatangazia madereva hali ya barabara kwa rangi: kijani ni siku njema, nyeusi ni siku ya kukaa nyumbani.

Kwa sababu hiyo mume na mke wenye busara, wanaotaka kuijua pwani ya kusini, huiacha miezi ya Julai na Agosti wakaondoka Mei au Septemba. Toka Toulon hadi Menton, mpakani mwa Italia, ni kilomita zisizofika 200 kwa barabara kuu ya kulipia, na gari zima laweza kuzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Wasafiri hawa huzigawa kwa siku saba, wakifuata barabara ndogo za kando ya bahari.

Kabla ya kuwasha injini, hapana budi wawili hao wapatane. Mmoja hushika usukani asubuhi, mwenziwe jioni, na asiyeendesha hushika ramani. Fedha za petroli, chakula na malazi hutengwa mapema, ili neno la fedha lisizuke njiani. Ndani ya gari huwekwa pembetatu ya tahadhari na kizibao king'aacho, kama sheria inavyodai. Gari hupita upande wa kulia. Mwendo wa juu mijini ni kilomita 50 kwa saa; katika barabara za kawaida ni 80, au 90 pale kibao kinaporuhusu. Dereva akikutwa na nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu, amekwisha kuvunja sheria.

Safari huanzia Toulon, bandari kuu ya manowari za Ufaransa upande huu wa bahari. Hapo ndipo, tarehe 27 Novemba 1942, mabaharia wa Kifaransa walipozizamisha meli zao wenyewe ili zisitwaliwe na majeshi ya Ujerumani. Mwendo mfupi mashariki yake ni Hyères na rasi ya Giens, ambako heroe husimama kwa mguu mmoja katika mabwawa ya chumvi ya zamani. Huko gari huegeshwa, na wawili hushuka kutembea kwa miguu katika njia nyembamba ipitayo juu ya majabali. Zamani hiyo ilikuwa njia ya doria ya askari wa forodha, waliolinda pwani usiku na mchana dhidi ya wafanya magendo. Sheria ya mwaka 1976 iliwapa watu wote haki ya kupita kando ya bahari, katika ukanda wa mita tatu, hata pale penye mashamba na majumba ya watu binafsi.

Siku ya pili au ya tatu hufikiwa Saint-Tropez. Mji huu wa wavuvi ulipata sifa kubwa kwa sababu ya sinema, na mojawapo ni ile ya mwaka 1964 iliyomwonyesha Louis de Funès akiwa askari polisi mwenye hasira nyingi na bahati ndogo. Kituo cha zamani cha polisi kilichoonekana katika sinema hiyo kimekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 2016. Ni nadra kwa kituo cha polisi kutembelewa na watu wengi namna hiyo kwa hiari yao.

Halafu huja Fréjus na jirani yake Saint-Raphaël, na hapa ndipo mwendo wa taratibu unapoonyesha thamani yake. Aendaye mbio huona mchanga na miavuli tu. Asiye na haraka huona, kati ya misonobari, jengo jekundu lenye sura ya msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali. Lilijengwa na askari wa Kiafrika waliokaa katika kambi za hapo, mnamo mwisho wa miaka ya 1920. Tangu Vita Kuu ya Kwanza, askari kutoka Afrika Magharibi walikuwa wakiondolewa mahandakini wakati wa baridi na kuletwa katika pwani hii yenye jua. Jengo lenyewe ni la saruji, na lilikuwa zaidi mahali pa kukutania kuliko pa kuswalia. Walilijenga ili macho yao yapate kitu cha nyumbani.

Si mbali na hapo, huko Boulouris, kuna makaburi ya askari 464. Tarehe 15 Agosti 1944 majeshi ya Marekani na washirika wao yalishuka katika fukwe hizi, na nyuma yao likaja jeshi la Jenerali de Lattre de Tassigny, ambalo sehemu yake kubwa ilitoka Afrika. Kabla mwezi haujaisha, Toulon na Marseille zilikuwa zimekombolewa. Misalaba na mawe ya kaburi ya Kiislamu yamesimama pamoja katika uwanja mmoja. Mwaka 2024, miaka themanini ikiwa imetimia, wakuu wa nchi kadhaa za Afrika walihudhuria kumbukumbu hapo. Mke ambaye amewahi kumngojea mume aliye vitani hahitaji kufafanuliwa mawe hayo. Kila moja lilikuwa na mtu aliyekuwa akingojewa mahali fulani.

Kutoka Saint-Raphaël, barabara ya Corniche d'Or, iliyofunguliwa mwaka 1903, huzunguka milima ya Esterel yenye majabali mekundu yatumbukiayo katika maji ya buluu. Kona ni nyingi, na gia ya tatu aghalabu hutosha. Ng'ambo yake ni Cannes, kisha Nice, mji uliojiunga na Ufaransa mwaka 1860. Mkoba ukiwa mwepesi, chakula cha mchana ni socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni, uokwao katika sinia pana ndani ya tanuri la kuni. Wawili huweza kula na kushiba bila kuingia hoteli kubwa.

Baada ya Nice, barabara tatu hupanda sambamba ubavuni mwa mlima, moja juu ya nyingine. Ile ya juu kabisa ilichongwa kwa amri ya Napoleon. Juu yake, pale La Turbie, umesimama mnara ambao Warumi waliujenga karibu mwaka wa 6 kabla ya Kristo kuadhimisha ushindi wa Kaisari Augusto juu ya makabila ya milimani. Barabara ya chini hufika Menton, mji wa malimau, ambao pamoja na Roquebrune uliuzwa na mtawala wa Monaco kwa faranga milioni nne mwaka 1861.

Si kila nyumba iwezayo kufika Ufaransa, wala si kila askari apataye siku saba mfululizo. Lakini hata ruhusa ya siku tatu, kwa basi hadi kijijini, yaweza kufuata utaratibu huo huo: fedha zihesabiwe kabla ya kuondoka, mwendo wa kila siku uwe mfupi, na pawe na saa ya kuteremka na kutembea pamoja. Kazi ya ulinzi huwatenganisha mume na mke kwa majuma mengi, na wakionana huanza na ada ya shule na bati linalovuja. Maneno mengine huhitaji kilomita kadhaa za ukimya kabla ya kutoka, na mwenye haraka hufika kabla hayajasemwa.