Oili ya Lori Imwagwe Lini? Ipimwe Kwanza

Wanakikundi wenye lori wanaujua ubishi huu. Dereva anasema oili imekuwa nyeusi, imwagwe. Mweka hazina anasema ilibadilishwa majuzi tu, pesa zitoke wapi tena? Makanika naye ana hesabu yake, kila kilomita 5,000, iwe mvua iwe jua. Mwisho anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa, na hakuna aliyeitazama oili yenyewe. Tunataka kueleza njia ambayo wenye malori mengi huitumia kukata neno: kuchukua oili kidogo kutoka kwa injini na kuipeleka maabara ikapimwe.

Jambo lenyewe si dogo. Lori la tani saba au nane hubeba lita kumi na kitu za oili, na mengine hupita 20. Ukibadilisha mapema mno, unamwaga akiba ya wanachama. Ukichelewa, injini itafunguliwa, na hapo kikundi kitakopa, lori litakaa gereji, maziwa au mahindi yatabebwa na mwingine. Ni hapo ndipo watu huanza kuulizana nani alikula pesa za oili.

Rangi haisemi kweli

Tuondoe kwanza hili la weusi. Oili ya dizeli imetiwa dawa ya kusafisha, ambayo hushika masizi yasigande ndani ya injini. Kwa hiyo oili mpya hugeuka nyeusi baada ya kilomita mia chache tu. Ni kama kitambaa cha jikoni: kinachafuka kwa sababu kinapangusa. Kumbe oili nyeusi yaweza kuwa na kazi nyingi bado, na ile inayoonekana safi ikawa imeingiwa na dizeli na kuwa nyepesi kama maji.

Kinachomaliza oili ni mambo mengine. Dizeli ikiungua hutoa asidi, na dawa iliyo ndani ya oili huizima kidogo kidogo hadi dawa yenyewe inaisha. Salfa ndiyo huleta sehemu kubwa ya asidi hiyo. Mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Kenya kilishushwa kutoka sehemu 500 hadi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo mazoea mengi ya mandereva wazee ni ya dizeli ya zamani. (Dizeli ya mtungi inayouzwa kando ya barabara hatuwezi kuisemea.) Halafu kuna vumbi, maji, na masizi yanayozidi uwezo wa oili.

Maabara huona nini

Kazi hii si mpya. Mwaka 1946 kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western, huko Marekani, ilianza kutambua magonjwa ya injini zake za dizeli kwa kupima madini yaliyomo katika oili iliyotumika. Oili kidogo huchomwa kwa moto mkali sana, na kila madini hutoa mwanga wake. Mashine husoma mwanga huo na kuhesabu sehemu kwa milioni. Ukitaka kuelewa udogo wake, fikiria punje 20 mbovu katika magunia zaidi ya matatu ya mahindi.

Kila madini yana kwao. Chuma kingi hutoka kwa silinda na kranki. Alumini hutoka kwa pistoni, kromu kwa ringi, shaba na risasi kwa beringi. Silikoni mara nyingi ni vumbi. Sodiamu au potasiamu ikipanda, shuku maji ya radieta yanapenya. Maabara pia hupima uzito wa oili, maji, dizeli iliyoingia, na nguvu iliyobaki ya kupambana na asidi. Nguvu hiyo ikishuka chini ya nusu ya ilivyokuwa oili ilipokuwa mpya, wengi husema wakati umefika wa kumwaga.

Lakini sampuli moja haitoshi kuamua. Tuseme lori lenu lilipimwa likiwa limetembea kilomita 5,000 tangu oili ibadilishwe, na chuma kikawa 25. Hiyo ni 5 kwa kila kilomita 1,000. Zamu ya pili, baada ya kilomita 5,000 zingine, ni 26, ya tatu 24. Injini hii imetulia. Sasa mnaweza kwenda kilomita 6,000 na kupima tena. Mkipata karibu 30, mwendo ni ule ule. Mkisonga elfu moja moja namna hii, mtafika mahali ambapo dawa ya oili imechoka au madini yameanza kupanda kwa haraka, na hapo mnarudi nyuma kidogo. Anzeni na kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha lori. Kama lori bado lina dhamana ya aliyewauzia, msizipite hata ripoti ikiwa nzuri.

Sasa tuseme zamu ya nne silikoni inaruka kutoka 8 hadi 35, na chuma kimekuwa maradufu. Usikimbilie kulaumu oili. Hapo vumbi linaingia: chujio la hewa limepasuka, au mpira wa bomba lake umelegea, na katika barabara zetu za maramu hilo ni jambo la kila siku. Kubadilisha oili bila kuziba tundu hilo ni kazi bure. Kwa maoni yetu hii ndiyo faida kubwa ya kupima, kuliko hata zile lita zinazookolewa. Mpira unabadilishwa leo kabla silinda hazijaliwa.

Mashine hiyo haioni vipande vikubwa vya chuma. Hivyo hutafutwa kwa kupasua filta kuukuu na kuitazama ndani, na makanika mwangalifu atafanya hivyo akiombwa.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo wengi huharibu. Lori liwe limetoka safari, oili ikiwa moto na imechanganyika, lakini jihadharini isiwachome. Futeni pale chini penye nati, acheni oili ya kwanza ipite, kingeni ile ya katikati. Chupa iwe ile ya maabara. Chupa ya soda iliyosuuzwa ina matone ya maji, na ripoti itawaambia injini ina maji, mfungue injini nzima bure. Andikeni tarehe, kilomita za lori, kilomita tangu oili ibadilishwe, aina ya oili, na lita mlizoongeza njiani. Dereva akificha kuwa aliongeza lita tatu, hesabu yote imepotea, kwa hivyo asigombezwe anaposema.

Kati ya sampuli na sampuli, tazameni kijiti cha oili kila asubuhi. Kikionyesha oili imepanda na hakuna aliyeongeza, msifurahi: ni dizeli kutoka nozeli inayovuja, au ni maji. Tone moja tu la oili likitiwa juu ya kifuniko cha chuma chenye moto likalia kama nyama kwenye kikaango, kuna maji. Simameni mbali na mfunike macho, watoto wasiwe karibu.

Tusidanganyane pia. Kwa injini ndogo ya kinu cha posho inayotumia lita tatu au nne, kupima kwaweza kugharimu zaidi ya oili yenyewe. Huko hesabuni masaa kama kitabu kinavyosema, mbadilishe.

Ripoti ikija, isibaki mfukoni mwa dereva wala gereji. Isomwe mkutanoni, iwekwe katika faili pamoja na risiti za oili. Kampuni kadhaa za mafuta na wauzaji wa matrekta na mitambo mikubwa hupokea sampuli. Kabla ya kutuma chupa ya kwanza, ulizeni bei, majibu huchukua siku ngapi, na kama kuna mtu atakayewaeleza ile karatasi. Pelekeni pia chupa ya oili mpya ya aina mnayotumia, ili maabara ijue ilikuwaje kabla haijaingia kwenye injini.