Kikombe Kimoja ni Gramu Ngapi?

Wengi wetu tunapika bila mizani. Tuna kikombe, kijiko na kopo, na chakula kinaiva vizuri. Taabu huanza pale maelezo ya mapishi yanaposema "unga gramu 500, sukari gramu 100". Hapo baadhi yetu hukisia, na wengine huacha kabisa.

Tutofautishe kwanza mambo mawili. Gramu hupima uzito wa kitu. Mililita hupima nafasi kinayojaza. Kwa maji, vipimo hivi hulingana: mililita 250 zina uzito wa gramu 250. Lakini unga una hewa katikati ya chembe zake, hivyo ni mwepesi zaidi. Kibaba na pishi, walivyotumia wazee wetu wa pwani, navyo vilikuwa vipimo vya ujazo: vibaba 4 vilifanya pishi 1.

Kikombe cha mililita 250 huchukua takriban:

Maji: gramu 250
Mafuta ya kupikia: gramu 230
Sukari: gramu 200
Mchele: gramu 200
Unga wa ngano: gramu 125

Basi nusu kilo ya unga wa ngano ni vikombe 4, wala si 2. Mama anayedhani nusu kilo ni sawa na nusu lita atatia nusu tu ya unga unaotakiwa, na maandazi yake hayatakandika. Unga uchekeche, uteke bila kuushindilia, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya kikombe. Ukiushindilia, kikombe kinaweza kufika gramu 150 au zaidi.

Kikombe chako kina ukubwa gani?

Jaza maji chupa ya nusu lita, kisha yamimine kikombeni. Yakijaza vikombe 2 kamili, kikombe chako ni cha mililita 250. Njia nyingine ni kununua pakiti ya sukari ya kilo 1 iliyofungwa kiwandani na kuhesabu vikombe vinavyotoka. Gawanya 1,000 kwa idadi hiyo: vikombe 5 maana yake kila kimoja ni gramu 200. Fanya vivyo hivyo kwa unga na mchele, uandike majibu kwenye karatasi na kuibandika kabatini.

Kijiko na afya ya mtoto

Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, na kijiko kikubwa ni mililita 15, yaani vijiko vya chai 3. Kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4, lakini cha chumvi kina kama gramu 6. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko hicho kimoja.

Sisi wauguzi tunasisitiza kipimo hasa mtoto anapoharisha. Pakiti za chumvichumvi za kliniki ndizo bora. Fuata kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya usawa, visilundikwe. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Sukari ikizidi huongeza kuharisha. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya, upesi zaidi akiwa amelegea, macho yameingia ndani, anatapika kila anachokunywa au ana damu kwenye choo.

Tuchague basi kikombe kimoja na kijiko kimoja cha kupimia, tuviweke mahali pamoja, na tuwaonyeshe mabinti na wasaidizi wetu wa nyumbani namna ya kuvitumia. Siku mama hayupo, kipimo kitabaki kile kile.