Punje Kumi kwa Kila Jibu

Freerice ni mchezo wa maswali unaochezwa kwenye intaneti, ambamo kila jibu sahihi huhesabiwa punje 10 za mchele kwa ajili ya watu wenye njaa. Ulianzishwa Oktoba 2007 na John Breen, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Miaka minane kabla ya hapo Breen alikuwa ameanzisha The Hunger Site, tovuti iliyomtaka mgeni abofye kitufe kimoja tu ili chakula kitolewe. Mwaka 2009 aliukabidhi mchezo wa mchele kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP.

Mchezaji huwekewa neno la Kiingereza na maana nne za kuchagua. Akipatia, punje huingia kwenye bakuli lililochorwa kando. Akikosea hupewa swali jepesi zaidi. Yapo pia maswali ya hesabu na jiografia. Mchezaji mwenyewe hatoi hata senti. Wanaolipa ni watangazaji ambao matangazo yao huonekana anapocheza, na bakuli lile ni picha tu ya fedha hizo.

Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinapimika. Kilo ya mchele ina punje kama 48,000, ikitegemea aina. Basi kilo moja inataka majibu sahihi 4,800. Anayejibu swali moja kila sekunde tano, bila kukosea wala kupumzika, ataipata baada ya saa 6 na dakika 40. Mgao wa mtu mmoja kwa siku, gramu 400 hivi, utamchukua saa 2 na dakika 40.

Wachezaji, hata hivyo, ni wengi. Jumla ya mchele waliouchuma imeshapita punje bilioni 200, yaani zaidi ya tani 4,000. Hizo ni siku za kula zaidi ya milioni 10 kwa mtu mmoja mmoja, na hakuna haki ya kuzidharau: wamekula wakimbizi wa Myanmar waliokimbilia Bangladesh, na wamekula watoto wa shule Uganda. Kinachouzidi mchezo nguvu ni ukubwa wa njaa. WFP hugawa mamilioni ya tani kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa serikali. Serikali zikipunguza michango, mgao hukatwa, kama wakimbizi wa Kakuma nchini Kenya na Nyarugusu mkoani Kigoma wanavyojua vizuri. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa maswali ya msamiati.

Iko hofu nyingine, kwamba kitendo chepesi humfanya mtu aone deni lake limekwisha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha kwamba watu waliounga mkono jambo jema bure na mbele ya macho ya wengine walipungukiwa na moyo wa kusaidia zaidi baadaye, kuliko waliofanya hivyo faraghani.

Mambo hubadilika mchezaji anapotoa kitu chake mwenyewe. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, kampuni ya Zynga iliuza bidhaa maalumu ndani ya michezo yake, ukiwemo FarmVille, na ndani ya siku tano wachezaji walitoa dola milioni 1.5. Mchezo wa Foldit, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington, hauombi fedha bali akili: wachezaji hukunja protini kwenye skrini. Mwaka 2011 walipata umbo la kimeng'enya cha kirusi kinacholeta ugonjwa kama UKIMWI kwa nyani, fumbo lililowashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Walilimaliza kwa wiki tatu. Hapo mchezo wenyewe ndio uliokuwa kazi, na hakuna mtangazaji aliyehitajika katikati.

Freerice inamfaa hasa mwanafunzi asiye na cha kuchangia: anajifunza, na mchele unatoka. Lakini mwenye bei ya kilo moja mfukoni, akiituma moja kwa moja kwa shirika la misaada, amefanya kwa dakika moja kazi ya saa 6 na dakika 40.