Nahodha Anayejua Kukataa

Mtu wa Nakapanya, kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, yuko mbali na maji makubwa kwa kila upande. Akishika njia ya magharibi atapita Tunduru mjini, Namtumbo, Songea na Mbinga ndipo ateremkie Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Akishika ya mashariki atapita Mangaka na Masasi, na bahari ataikuta Mtwara, Lindi au, akivumilia zaidi, Kilwa. Lami imefupisha safari zote mbili. Fedha za korosho zikishaingia baada ya minada ya chama kikuu cha ushirika, TAMCU, familia ambayo zamani ingemaliza msimu kwa mabati na ada za shule sasa huweza kutenga kiasi cha kwenda kuona kisiwa. Hapo mkulima aliyezoea kubishania daraja la korosho zake hujikuta ananunua kitu kisichoingia kwenye mzani. Bei anatajiwa, boti anaonyeshwa, picha za kwenye simu anafunguliwa, na vyote hivyo havimwambii itakuwaje saa nane mchana upepo ukigeuka. Kigezo kinachofaa kuliko bei, injini na picha ni kujua kama anayekuuzia safari ana uwezo wa kukwambia hapana, na kama kukwambia hivyo kutamtoa fedha mfukoni.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazotawala ufukweni. Boti inayouzwa kwa kichwa humfaidi mwenyewe kwa kila abiria anayeongezeka, kwa hiyo itasubiri gatini hadi ijae, na ikijaa bado kuna nafasi ya mmoja. Boti inayokodiwa nzima haina kishawishi hicho: mwenyewe ameshapata chake, na kilichobaki ni kukurudisha salama na mapema ili aokoe mafuta. Kuna pia mtu wa tatu, yule ambaye Zanzibar huitwa papasi, anayekukamata stendi au mlangoni mwa gesti na kukuahidi kila kitu. Yeye hulipwa kamisheni ukishakubali tu, na wewe ukiondoka yeye anabaki nchi kavu. Hakuna ubaya wa kumtumia akuonyeshe njia. Ila maswali ya safari hayamhusu, kwa sababu akikwambia hapana anakosa mlo wa siku, na akikwambia ndiyo hapotezi chochote.

Tunajua kinachotokea pasipo na wa kukataa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Miaka saba kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Hivyo vilikuwa vyombo vya usafiri wa kawaida, na abiria wengi hawakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani. Mtu wa matembezi anayo njia nyingine: anaweza kubaki ufukweni akala samaki wa kukaanga. Ndiyo maana haelezeki mtalii anayepanda boti iliyojaa, jaketi okozi zimefungwa kamba chini ya benchi, eti kwa kuwa ameshalipa.

Kukataa kunakohitaji ujuzi zaidi ni kule kwa hali ya hewa. Pwani yetu inaendeshwa na kusi na kaskazi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na huichafua bahari waziwazi. Kaskazi hushika kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi. Kati ya pepo hizo mbili huja matlai, siku za maji kutulia. Ziwa Nyasa nalo lina upepo wake wa kusini-mashariki, mwera, ambao katika miezi ya Mei hadi Agosti huinua mawimbi ya kumtia adabu mtu anayedhani ziwa ni bwawa. Fedha za korosho huja kuanzia mwisho wa mwaka, kusi na mwera vikiwa vimepungua makali, na hilo ni bahati ya mtu wa Tunduru ambayo hakuiomba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa watumiaji wa bahari na maziwa makuu. Nahodha asiyejua imesema nini leo, au anayeicheka, amekwishajieleza.

Visiwa vya Ugiriki hupokea mamilioni ya wageni wa boti kila mwaka, na huko kukataa hakukuachwa kwa nahodha peke yake. Julai na Agosti bahari ya Aegean huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, na ukizidi kiwango kilichowekwa, walinzi wa pwani huzuia vyombo kuondoka bandarini, hata kama hoteli zimejaa na watu wana ndege ya kuwahi. Hata hivyo usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga miamba karibu na kisiwa cha Paros na kuua zaidi ya watu 80. Amri ya bandari husaidia, lakini haishiki usukani.

Maji kupwa na kujaa nayo hukataa kwa namna yake. Mfano mzuri ni Songo Mnara, kusini ya Kilwa Masoko. Magofu yake, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini Songo Mnara hakuna gati la kushukia kwa viatu vikavu. Boti husimama nje ya mikoko na mgeni hushuka kwenye maji, suruali imekunjwa, mkoba kichwani, akitafuta pa kukanyaga kwenye tope kati ya mizizi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukifika yamejaa utatembea kidogo. Ukichelewa kurudi utaikuta boti imekaa juu ya mchanga na nyote mtasubiri. Kwa hiyo saa ya kuondoka si jambo la mteja kujipangia. Nahodha anayekuuliza unataka kuondoka saa ngapi kabla ya kukwambia maji yanajaa saa ngapi ana adabu nzuri, lakini anauza safari asiyoijua, au anaogopa kukuudhi.

Wanyama wa baharini ndio wanaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi, maana hapo mteja mwenyewe ndiye anayepaswa kukataliwa. Kizimkazi, kusini ya Unguja, boti huenda kutafuta pomboo. Watafiti waliochunguza pomboo hao, ambao ripoti zao zilichapishwa mwaka 2007 na 2010, walikuta kwamba boti za watalii zikiwapo pomboo hupunguza kupumzika na huongeza kuhamahama. Boti zikiwafukuza na watu wakijirusha majini mbele yao, kinachouzwa ni usumbufu, na mnyama asumbuliwaye kila siku hana sababu ya kubaki. Mafia kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula vijidudu na uduvi mdogo karibu na Kilindoni, na huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Samaki waliofungwa vifaa vya kufuatilia mienendo walionyesha kwamba wengi hawahami kabisa. Miezi mingine wapo, ila hawaji juu pale boti zinapowatafuta. Anayekuahidi papa potwe mwezi Juni anakuuzia matumaini. Anayekwambia njoo Novemba, hutaruhusiwa kumgusa, na tukimkosa tumemkosa, huyo anajua kazi.

Kwa waongoza watalii wa nchi kavu, hapana inayotafutwa ni fupi zaidi: sijui. Changuu, kisiwa kilicho mbele ya Mji Mkongwe, wageni wengi huambiwa habari za wafungwa walioteseka katika jela yake. Jela hiyo ilijengwa miaka ya 1890 na haikuwahi kupokea wafungwa iliyojengewa. Ikawa karantini ya wasafiri wenye maradhi. Ukweli huo hauna msisimko wa uongo wake, na mgeni aliyelipa anataka msisimko. Kilwa Kisiwani ni hivyohivyo. Ibn Battuta alifika hapo 1331 na kuusifu mji. Husuni Kubwa ina birika la pembe nane. Ngome ya Gereza ilianzishwa na Wareno mwaka 1505, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani. Mwongozaji anayetofautisha hayo matatu, na anayekiri asichokijua kuhusu kaburi fulani, anastahili malipo yake yote.

Watu watauliza: je, wenyeji hawavuki kila siku bila jaketi wala utabiri? Wanavuka. Lakini mvuvi wa Kilwa akiona wingu lisilompendeza huahirisha, na hana mtu wa kumlaumu. Mgeni mwenye siku mbili ndiye anayeshinikiza. Watauliza pia kama leseni haitoshi. Leseni ni ya lazima na inafaa kuiulizia: chombo kina ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) kwa Bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na biashara za utalii zina leseni zake. Karatasi hiyo inaeleza hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Haielezi leo asubuhi kimepakia nini.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Boti nzima hugharimu kuliko kichwa, na familia ya watu wanne ina haki ya kuhesabu. Hesabu hiyo hubadilika mkiwa familia mbili, na ndiyo faida ya kutoka na jirani. Mtanzania pia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje katika hifadhi za bahari, basi kitambulisho cha Taifa kisiachwe kabatini Nakapanya. Panapobaki upungufu, afadhali kupunguza umbali kuliko usalama. Kilwa Kisiwani iko karibu na gati la Kilwa Masoko kiasi cha kuonekana ukiwa umesimama, na inatosha kwa siku nzima. Mafia, kwa kupitia Nyamisati, ni safari ya kukusanyia fedha misimu miwili.

Wanaochagua ziwa wana neema nyingine. Kutoka Mbamba Bay kwa boti unaweza kwenda Liuli, ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imevutwa pwani kwa matengenezo, na nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Kwa safari hiyo ondokeni alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka, mkubaliane mapema kwamba mawimbi yakikua mtarudi bila kufika, na nahodha atalipwa kama aliyefika. Sharti hilo la mwisho lisemwe kwa sauti, mbele ya wote, kabla injini haijawashwa.