Kigunduzi Kisichogundua Chochote: Mwananchi Afanye Nini Kabla ya Kulipa

Mkaazi anayepanga kuchimba kisima, shule inayotaka kuimarisha ulinzi langoni au kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu huenda wakakutana na muuzaji wa kifaa cha namna moja. Kina mpini wa kushikwa mkononi na antena ya chuma inayozunguka kwa urahisi. Mwenye nacho hutembea polepole, antena hugeuka, naye hutangaza kuwa maji, dhahabu au bomu liko upande huo.

Vifaa vya aina hii vimeuzwa kwa majeshi na polisi wa nchi kadhaa kwa mamilioni ya dola. Vilipopimwa kwa haki, havikugundua chochote. Yaliyotokea Iraq yanaonyesha hasara inayoweza kutokea, na pia jinsi mtu yeyote anavyoweza kuugundua udanganyifu huu bila utaalamu mkubwa.

Kifaa cha mipira ya gofu

Kifaa kilichojulikana zaidi kiliitwa ADE 651. Kiliuzwa na kampuni ya Uingereza iliyoitwa ATSC, chini ya mfanyabiashara James McCormick. Alianza kwa kununua kifaa cha Marekani kilichouzwa kwa chini ya dola 20, kilichodaiwa kusaidia wachezaji kutafuta mipira ya gofu iliyopotea. Alikibandika nembo yake na kukiuza kama kigunduzi cha mabomu. Baadaye alitengeneza miundo yenye sura ya kitaalamu zaidi, ikiwemo ADE 651.

Wanunuzi waliambiwa kuwa kifaa hicho kinaweza kutambua mabomu, dawa za kulevya, pembe za ndovu na hata noti za dola, kwa umbali mkubwa na kupitia kuta. Hakikuwa na betri. Ilidaiwa kuwa kinatumia umeme tuli wa mwili wa mshikaji, na kwamba kila kitu kinachotafutwa kina kadi yake ya kuingizwa kwenye kifaa.

Serikali ya Iraq ilinunua maelfu ya vifaa hivyo, na baadhi viligharimu hadi dola 60,000 kimoja. Kwa jumla ilitumia zaidi ya dola milioni 80. Walinzi wa vizuizi vya barabarani jijini Baghdad walivitumia kukagua magari badala ya kuyapekua kwa mikono au kwa mbwa. Tarehe 25 Oktoba 2009, magari yaliyobeba mabomu yalilipuka katikati ya jiji hilo na kuua watu 155. Mnamo Desemba mwaka huo, milipuko mingine iliua zaidi ya watu 120. Magari hayo yalipita katika jiji lililojaa vizuizi vilivyotegemea antena hiyo.

Jinsi ukweli ulivyojulikana

Watu wenye mashaka walikuwa wameonya mapema. Mwaka wa 2008, James Randi, mwanamazingaombwe wa zamani aliyejitolea kufichua madai ya uongo, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayethibitisha kuwa kifaa hicho kinafanya kazi. Kampuni haikuthubutu kuja kupimwa.

Mnamo Januari 2010, kipindi cha Newsnight cha BBC kilipeleka kadi moja ya kifaa hicho kwa wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walipoipasua, hawakukuta chochote ila kibandiko cha bei rahisi cha kuzuia wizi, kama vile vinavyowekwa kwenye bidhaa madukani. Hakikuwa na uwezo wa kuhifadhi taarifa yoyote kuhusu baruti. Mwezi huo huo, Uingereza ilipiga marufuku kuuza kifaa hicho Iraq na Afghanistan, na McCormick akakamatwa. Mwaka wa 2013 mahakama jijini London ilimpata na hatia ya ulaghai na kumhukumu kifungo cha miaka 10.

Hata hivyo, vifaa hivyo viliendelea kuonekana mikononi mwa walinzi Baghdad. Ni hadi Julai 2016, baada ya bomu kuua mamia ya watu katika mtaa wa Karrada, ambapo Waziri Mkuu wa Iraq aliagiza viondolewe.

Iraq haikuwa peke yake. Thailand ilinunua mamia ya vifaa vya GT200 kutoka kampuni nyingine ya Uingereza. Katika majimbo ya kusini, wananchi walikamatwa kwa sababu tu antena iliwaelekea. Mwezi Februari 2010, serikali ya nchi hiyo ilitangaza matokeo ya jaribio ambapo baruti ilifichwa katika sanduku moja kati ya manne. Katika majaribio 20, kifaa kilipata mara 4. Mtu anayebahatisha tu angetarajiwa kupata mara 5. Mwenye kampuni iliyouza GT200, Gary Bolton, alifungwa miaka 7 mwaka wa 2013.

Kwa nini antena hugeuka?

Wengi waliotumia vifaa hivi hawakuwa waongo. Waliiona antena ikigeuka na hawakuhisi kuwa wao ndio wanaoigeuza. Sababu yake imejulikana kwa muda mrefu. Kitu kinachoning'inia au kuzunguka kwa urahisi huonyesha hata msogeo mdogo sana wa mkono, na mkono husogea kufuata kile mtu anachokitarajia, bila yeye kukusudia.

Mwanakemia Mfaransa Michel Chevreul alieleza jambo hili mwaka wa 1833. Alishika uzi wenye uzito uliokuwa ukiyumba mkononi mwake. Alipofungwa macho, kuyumba kulipungua kisha kukakoma. Nguvu haikuwa katika kitu kilichokuwa chini ya uzi, bali katika macho na matarajio ya mshikaji.

Kijiti chenye panda na nyaya mbili zilizokunjwa, ambazo watu hutumia kutafuta maji, hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mjini Kassel, Ujerumani, watafutaji maji wapatao 30 walipimwa karibu mwaka wa 1990, na Randi alihudhuria. Walitakiwa kusema kama maji yanapita au hayapiti katika bomba lililofukiwa ardhini. Kabla ya kuanza, wote walikubali kuwa jaribio lilikuwa la haki. Matokeo yao hayakuzidi kubahatisha.

Basi kwa nini mtu wa kijiti husifiwa pale kisima kinapotoa maji? Katika maeneo mengi, maji ya ardhini hayapiti katika mfereji mwembamba. Yametandaa chini ya eneo pana. Ukichimba kwa kina cha kutosha, huenda ungeyapata hata hatua 30 kando ya pale kijiti kilipoinama. Visima vilivyotoka vikavu havisimuliwi sana.

Kipime mwenyewe

Jaribio linalofichua udanganyifu huu halihitaji maabara. Linahitaji jambo moja: anayeshika kifaa, na wote walio karibu naye, wasijue kitu kimefichwa wapi.

1. Tafuta ndoo 10 zinazofanana, zenye vifuniko. Weka maji, au kile muuzaji anachodai kugundua, katika ndoo moja.
2. Kwanza mwonyeshe muuzaji ndoo hiyo, na umwombe athibitishe kuwa kifaa chake kinaitambua mahali hapo. Hii itazuia kisingizio cha baadaye kwamba hali haikufaa.
3. Mwombe aondoke. Mtu mmoja achague ndoo kwa kupiga kura, afiche kitu hicho, afunike ndoo zote, kisha aondoke bila kuzungumza na yeyote.
4. Muuzaji arudi na kuchagua ndoo. Andika jibu lake kabla ya kufunua.
5. Rudia mara 10. Anayebahatisha atapata takribani mara 1. Kifaa cha kweli kitapata karibu kila mara.

Muuzaji akikataa, akidai kuwa mashaka yako yanaharibu nguvu ya kifaa, au akisema kinafanya kazi tu mikononi mwa aliyefunzwa, usilipe.

Vigunduzi vya chuma vinavyotumiwa milangoni na walinzi ni tofauti. Hivyo vina chanzo cha umeme, hulia vinapokaribia chuma, na mtu yeyote anaweza kuvipima kwa sarafu au funguo. Lakini hata hivyo havitambui baruti. Mlinzi bado anatakiwa kukagua mifuko na magari.

Wanaotaka kuchimba visima

Kisima kirefu kinaweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, hata mamilioni, na gharama hiyo hairudishwi kisima kikitoka kikavu. Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, anayetaka kuchimba anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Ombi huambatana na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Mtaalamu huyo huangalia aina ya miamba na rekodi za visima vya jirani, na hupitisha umeme ardhini ili kupima jinsi kila tabaka linavyouzuia. Vipimo vyake huandikwa, na mtaalamu mwingine anaweza kuvikagua.

Uchunguzi huo hauondoi hatari yote, kwani kisima kinaweza kukauka hata baada ya utafiti mzuri. Lakini humpa mkaazi sababu za kuchimba hapo na makadirio ya kina cha maji, mambo ambayo kijiti hakiwezi kumpa.

Wakaazi wanahimizwa kuomba nakala ya leseni ya mtaalamu na ya mwanakandarasi kabla ya kutoa malipo yoyote, na kuuliza katika afisi ya maji ya kaunti ndogo iwapo wana shaka. Aliyekwisha kuuziwa kifaa cha uongo ahifadhi risiti, ujumbe wa malipo ya simu na kifaa chenyewe, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.