Cornwall: sikukuu mwaka mzima, lakini wenyeji wanakosa nyumba

Katika mji mdogo wa Padstow, kusini-magharibi mwa Uingereza, wengi hawalali usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa tano. Saa sita ya usiku wanakusanyika mbele ya baa moja ya zamani, wanaimba kwa kukaribisha majira ya joto, na asubuhi «farasi» anatoka. Kusema kweli hafanani na farasi hata kidogo. Ni mtu aliyefunikwa na kitambaa cheusi kilichotandazwa juu ya duara pana, na kinyago cha kutisha juu yake. Wenyeji wanamwita 'Obby 'Oss. Wako wawili, mmoja wa upande wa rangi nyekundu, mwengine wa bluu, na kila familia inajua iko upande gani. Ngoma na akordeoni zinalia kutwa nzima. Mara kwa mara farasi anaanguka chini kama aliyekufa, wimbo unapoa, kisha ngoma zinarudi kwa nguvu naye anaruka tena.

Padstow iko katika jimbo la Cornwall, lenye wakaaji karibu 570,000 na lililozungukwa na bahari karibu pande zote. Ni vigumu kupata mwezi unaopita pale bila sikukuu.

Siku saba tu baada ya farasi, tarehe 8, ni zamu ya Helston. Huko watu wanacheza kwa mistari mirefu, wawili wawili, nyuma ya fanfari. Wa kwanza wanaanza saa moja ya asubuhi. Watoto wa shule wanafuata wakiwa wamevaa nguo nyeupe, na saa sita ya mchana wanaume wenye kofia ndefu nyeusi wanatoka na wanawake wenye magauni ya sherehe. Hawabaki barabarani: wanaingia nyumbani mwa watu na ndani ya maduka kwa mlango wa mbele, wanapita bustanini, wanatokea upande mwengine. Mwenye nyumba anawafungulia, na ni heshima kwake.

Tarehe 5 mwezi wa tatu ni siku ya Mtakatifu Piran, msimamizi wa wachimbaji wa bati. Hadithi inasema alifika kutoka Ireland akielea juu ya jiwe la kusagia. Siku moja jiwe jeusi la mafiga yake likatoa bati jeupe kwa ajili ya moto, na ndiyo sababu bendera ya Cornwall ni msalaba mweupe juu ya nyeusi. Jiwe hilo ni kasiterite, lile lile wanalolijua vizuri wachimbaji wa Walikale na Maniema. Cornwall iliishi kwa bati kwa karne nyingi, mpaka mgodi wa mwisho, South Crofty, ulipofungwa mwaka 1998.

Si kila kitu kimetoka kwa mababu bila kukatika. Golowan, sikukuu ya mji wa Penzance mwishoni mwa mwezi wa sita, ilikuwa imezimika mwishoni mwa karne ya 19. Wakaaji waliifufua mwaka 1991. Hata lugha ya Kikornishi ilikwisha kuhesabiwa kuwa imekufa. Leo kuna watu wanaojifunza upya, serikali ya Uingereza iliitambua mwaka 2002, na kila mwezi wa tisa washairi na wataalamu wa chama cha Gorsedh Kernow, kilichoanzishwa mwaka 1928, wanavaa kanzu za bluu na kuendesha ibada yao kwa lugha hiyo.

Mambo haya yote yanahitaji watu wanaoishi pale pale. Hapo ndipo penye shida. Uzuri wa fukwe umevuta matajiri kutoka London na kwengine, wanaonunua nyumba za kukaa wiki chache tu kwa mwaka au za kupangisha watalii. Nyumba za namna hiyo jimboni zinapita 10,000. Bei zimepanda, na mishahara ya Cornwall iko chini ya ile ya sehemu nyingi za Uingereza. Kijana anayefanya kazi hotelini au kwenye mashua ya uvuvi hawezi kununua nyumba katika mtaa alikozaliwa.

Wakaaji hawakukaa kimya. Mwaka 2016 mji wa St Ives ulipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 walikubali kwamba nyumba mpya ziuzwe tu kwa watu watakaoishi ndani mwaka mzima. Tangu mwezi wa nne mwaka 2025, mwenye nyumba ya pili katika Cornwall anatozwa kodi ya halmashauri mara mbili.

Kijiji cha wavuvi cha Mousehole kinajua jambo hili. Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili wanamkumbuka Tom Bawcock, mvuvi ambaye hadithi inasema aliingia baharini wakati wa dhoruba na kurudi na samaki wa kuokoa kijiji na njaa. Wanakula mkate uliojazwa samaki, vichwa vya sardini vikitokeza juu. Bandari yote inawaka taa za rangi za Noeli. Lakini siku nne kabla, tarehe 19, taa hizo zinazimwa kwa saa moja. Usiku huo, mwaka 1981, mashua ya uokoaji Solomon Browne ilitoka kusaidia meli Union Star katika dhoruba. Watu 16 walikufa, wanane kati yao wakiwa waokoaji wa kujitolea, wote watu wa kijiji hicho.