Inzi Weupe na Maradhi ya Nyanya

Wakulima wa Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa, hupata maji ya kunyweshea mashamba yao katika Mto Tana. Nchi yao ni ya joto, na joto hilo hupendwa mno na inzi weupe, wachukuzi wa maradhi ya kujikunja majani ya nyanya.

Mche uliopatwa na maradhi haya hudumaa. Majani yake huwa madogo, hujikunja kwenda juu mfano wa kijiko, na kingo zake hugeuka manjano. Maua nayo hupukutika. Wengi hudhani kuwa udongo umechoka, wakaongeza mbolea. Fedha hiyo hupotea bure, kwa maana maradhi haya ni ya virusi, wala hakuna dawa iwezayo kuuponya mche uliokwisha kuambukizwa.

Inzi mweupe, ambaye urefu wake ni kama milimita 1 tu, hukaa chini ya jani akilifyonza. Akifyonza mche mgonjwa kwa nusu saa aweza kuchukua virusi, na baada ya saa kadhaa huanza kuvieneza katika miche mizima. Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki: katika miaka ya 1930 wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols, katika kituo cha Amani, Tanganyika, walichunguza ubatobato wa mihogo, maradhi mengine yaenezwayo na inzi huyu.

Mche ukiambukizwa ungali mchanga, hauzai kitu cha maana. Ukiambukizwa baada ya kushika matunda, mkulima hupata mavuno kiasi. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kitaluni. Kitalu kiwe mbali na shamba kuukuu la nyanya, nacho kifunikwe kwa wavu. Chandarua cha mbu hakifai, kwa kuwa inzi huyu hupenya katika matundu yake. Utakiwe wavu wenye matundu madogo zaidi, uliofanywa kwa ajili ya wadudu hawa.

Shambani, mche mgonjwa ufunikwe kwa mfuko kabla ya kung'olewa, inzi wasitawanyike, kisha uzikwe au uchomwe moto. Anayenyunyiza dawa ya wadudu aelekeze bomba chini ya majani, wala asitumie dawa ya namna moja siku zote, kwani inzi hawa huizoea upesi. Mbegu zinazostahimili maradhi haya zapatikana, ingawa bei yake ni kubwa. Bwana Shamba aulizwe kabla ya kununua. Mavuno yakiisha, mashina yote ya zamani yang'olewe kabla kitalu kipya hakijapandwa.